Unga Uliosagwa Nyuma ya Muhogo

Mke wangu alipopona homa ya kifua iliyomlaza katika majira ya baridi, sote nyumbani tuliamini kwamba ugonjwa umekwenda zake. Kikohozi kilikatika, nguvu za miguu zikarejea, akaanza tena kufagia uga wetu mdogo wa saruji kabla majirani hawajaamka. Ilituchukua muda kutambua kwamba homa ile haikuondoka bila kubeba kitu. Nilikuja kukijua kitu hicho jioni moja nilipomkuta ameketi jikoni akichambua maharagwe, na hatua moja kutoka kwake sufuria ya omena ikitokota taratibu chini ya kifuniko. Wanaowajua samaki hao wadogo wa ziwani wanajua kwamba wakichemshwa katika nyumba zetu za mtaa wa Umoja, jinsi zilivyosongamana, habari zao huwafikia hata watu wa ploti za nyuma. Mke wangu aliinua uso akamuuliza binti yetu kwa utulivu, "Mama, mbona hujaanza kupika?"

Binti yetu tunamwita mama kwa sababu alipewa jina la mama yangu mzazi. Alikuwa ameshika mwiko. Alinitazama mimi, kisha akamjibu mama yake kwa sauti ya kawaida kwamba angeanza sasa hivi.

Daktari wa zahanati alituambia kwamba uwezo wa kunusa huenda ukarudi baada ya muda, na kwamba kwa watu wengine haurudi. Hakuongeza neno la kutufariji, nami nilimheshimu kwa hilo. Kilichobaki kilikuwa kungoja, na katika kungoja huko mke wangu akawa anapungua. Alikula kama mtu anayetimiza wajibu. Ugali aliujua kwa joto lake na chai kwa unyevu wake. Nyama, alisema, ilikuwa kama kutafuna kitambaa kilicholoa. Magauni yake ya kanisani yalianza kumning'inia mabegani. Hata hivyo lililonitia hofu zaidi ni siku alipokusanya mikebe yake ya viungo, iliki, mdalasini, bizari, karafuu, vyote alivyokuwa akivinunua kwa kuvinusa kwanza na kuvirudisha mara nyingi mkononi mwa muuzaji, akampelekea jirani yetu wa ukuta mmoja.

"Vinazeeka bure," aliniambia nilipomuuliza. "Bora vimsaidie aliye na pua."

Tangu nimwoe, mwanamke huyu amepikia kwaya, matanga, wageni wa mahari na wajukuu wa dada zake wanaokuja mjini kutafuta kazi. Nilielewa kwamba hakuwa ametoa mikebe tu.

Burudani iliyomsalia jioni ilikuwa tamthilia za Kikorea, ambazo yeye na binti yetu wamezifuata kwa miaka mingi kwa uaminifu ambao mimi nimeuelekeza kwingine. Baada ya homa alizitazama kwa namna mpya. Niligundua kwamba hakujali tena nani anampenda nani. Alingoja watu waanze kula. Jioni moja kwenye kioo palikuwa na wasichana wawili wamesimama mbele ya kibanda cha barabarani, wakila kwa vijiti vipande vyeupe, vinene kama kidole, vilivyozama katika mchuzi mwekundu kama matofali. Walitafuna kwa muda mrefu, machozi ya pilipili yakiwatoka, wakicheka.

"Hao wanatafuna kitu kinachowajibu," mke wangu alisema. "Kile ningekisikia."

Binti yetu hakusema chochote. Lakini namjua. Akinyamaza namna ile huwa ameshaanza kazi.

Yeye ni msusi. Husuka katika chumba tulichokiongeza mbele ya nyumba, kama walivyoongeza karibu wenye nyumba wote wa mtaa wetu, hata ramani ya awali ya Umoja imebaki kuwa jambo la wazee kusimuliana. Kuna wateja wanaovuka kutoka mtaa wa Ziwani kuja kukaa kwenye kiti chake, na nimeelewa sababu: hachoki na hababaishi. Akikuta msuko mmoja umenenepa kuliko mwenzake, huufumua kutoka ncha hadi kwenye ngozi ya kichwa, hata mteja awe amekwisha kusimama na kuvaa koti. Hoja yake kuhusu chakula kile aliniambia akiwa na nywele za mtu mkononi, bila kugeuka.

"Baba, pilipili si harufu. Pilipili inauma. Na kile cheupe ni mchele uliopondwa, hakina harufu hata kwa mwenye pua. Utamu wake ni kule kuvutika, meno yanafanya kazi. Mathe amepoteza pua, hajapoteza ulimi wala meno. Sasa mbona tunampikia vitu vya kunusa?"

Mteja aliyekuwa kitini, kichwa kimeinamishwa, aliunga mkono kutoka chini huko. Nami sikuona kosa lolote katika hoja hiyo. Sisi wengine tulikuwa tumehangaika kuongeza kitunguu saumu na dania katika kila sufuria, kama watu wanaompigia kelele kiziwi. Yeye peke yake aliuliza ni mlango gani ambao bado uko wazi.

Chakula chenyewe kinaitwa tokboki, au ndivyo anavyokitamka yeye. Jaribio lake la kwanza alilifanya kwa unga wa mchele wa pakiti. Aliukanda kwa maji baridi kama anayekanda chapati, akaufinyanga, akatumbukiza vipande katika mchuzi uliokuwa ukichemka. Vilielea kwa muda mfupi vikionekana vizuri. Kisha vikaanza kuchakaa pembeni, vikayeyuka kimoja kimoja, tukabaki na sufuria ya kitu kizito chekundu kisichoinuka kwa kijiko wala kumwagika.

Mke wangu alikionja kwa heshima. "Ni uji wa pilipili," alisema. "Mwenye mafua angekushukuru." Alikula kidogo zaidi, akaweka kijiko chini, akamshika binti yake mkono. "Mama, usijisumbue tena. Mimi nimezoea."

Alilisema kwa upole. Binti yetu aliosha sufuria ile kwa muda mrefu kuliko ilivyohitaji.

Asiyejisumbua ni mtu mwingine, si yeye. Alisoma, akatazama wapishi wa huko kwenye simu yake, akajua alipokosea: unga huo hutaka maji yanayochemka, kisha mvuke, kisha kinu, na mchele wake haufai kuwa ule wa Mwea unaochambuka na kunukia. Alitafuta mchele mfupi wa Ahero, ambao wapishi wengi huulaumu kwa kushikana. Kosa hilo ndilo alilolitaka. Aliuosha, akauloweka, akauanika kivulini juu ya shuka safi hadi ukakauka, kisha akaniomba nimsindikize Kariobangi kwenye kisiagi, maana aliutaka unga mbichi wa siku hiyo na mkoba ulikuwa mzito.

Kisiagi kile kiko katikati ya mafundi wa mabati, na mtu huzungumza pale kwa kupaza sauti au hazungumzi. Mwenye kukiendesha ni mwanamke wa makamo aliyejaa vumbi la unga hadi kwenye kope. Mbele yetu palikuwa na mama mmoja mwenye gunia dogo la mtama uliochanganywa na makopa ya muhogo, muhogo ule wa kwetu magharibi ambao huvundikwa hadi uchachuke ndipo uanikwe. Unga wake ulipoanza kutoka, wa rangi ya udongo, harufu yake ilinipiga kifuani; kwa kitambo nilikuwa katika jiko la mama yangu, na ugali mweusi umefunikwa kwa ungo.

Zamu yetu ilipofika, mwendeshaji alichungulia ndani ya mkoba wetu, akatikisa kichwa.

"Dada, wacha huyu wa mahindi meupe aliye nyuma yenu apite kwanza aoshe mashine. Ukiingia nyuma ya muhogo utabeba muhogo."

Hii ni adabu ya kisiagi ambayo aliyekulia kijijini hafundishwi. Anaiona tu mama yake akirudi nyuma kwenye foleni bila kusema kitu. Binti yetu amezaliwa na kukulia Umoja, na unga kwake ulitoka kwenye pakiti siku zote. Juu ya hayo, umeme ulikuwa umekwisha kutetereka mara kadhaa, na mteja mwenye kichwa nusu kilichosukwa alimngoja nyumbani.

"Stima ikipotea?"

"Ikipotea utarudi Jumatatu, mpenzi. Mimi si kampuni ya stima."

"Basi saga tu, auntie. Muhogo kidogo hauui mtu."

"Haya." Mwendeshaji alimimina mchele wetu. "Mashine haina kabila, lakini haisahau haraka. Usiniletee kesi."

Unga uliotangulia ulitoka na madoa ya kahawia, kama ganda la yai la kanga. Wa baadaye ulikuwa mweupe, lakini wote uliangukia mfuko mmoja. Binti yetu aliutia mkononi akausugua kwa kidole gumba, na kwa mara ya kwanza katika shughuli yote hiyo nilimwona akikata tamaa. Alikuwa ameutafuta weupe ule kwa bidii. Njiani aliniambia, "Mathe asiambiwe. Atasema tumeharibu mchele mzuri, halafu atakataa hata kuonja." Nilikubali. Sikuona faida ya kumwambia.

Alasiri ya Jumamosi hiyo hiyo, baada ya mteja wa mwisho, kazi ilianza. Katika nyumba ya baba yangu mwanamume hakusimama jikoni, na miguu yangu bado inaikumbuka sheria hiyo hata baada ya akili kuiacha, basi nilibaki kizingitini.

"Baba, usisimame hapo kama landlord amekuja kuangalia bomba," binti yetu alisema. "Ingia au utoke. Ukiingia, kuna omena wa kutolewa vichwa."

Niliingia. Wakorea hutengeneza supu ya chakula hiki kwa samaki wadogo waliokaushwa, na yeye alikuwa ameona mara moja kwamba samaki hao hatuna haja ya kuwatafuta ng'ambo. Niliwakata vichwa mmoja mmoja juu ya gazeti, naye akawakaanga kavu kidogo, akawachemsha, akawachuja. Rojo la pilipili la kwao, ambalo huvundikwa kwa miezi, hakulipata katika maduka ya kwetu. Alitwanga pilipili kavu, akaichanganya na sukari, mchuzi wa soya, kitunguu saumu na siki kidogo, akaiacha ikae. Hakudai kwamba ni kile kile. "Ni binamu yake," alisema.

Mama yake alikuwa ameketi kwenye kigoda karibu na mlango wa uani. Aliletwa pale kwa hila: aliambiwa kwamba kinu kinahitaji mtu wa kukishika kisiruke, na kwamba mimi siaminiki. Alikibana kinu kati ya magoti na kungoja, akitazama mlango, kama abiria asiyejua kama safari ni yake.

Ningependa kueleza vizuri jinsi binti yetu alivyofanya kazi, kwa sababu nimeona watu wachache wakifanya jambo jipya kwa mikono tulivu kiasi hicho. Alimimina maji yanayochemka juu ya unga na chumvi, kidogo kidogo, akikoroga kwa ncha ya mwiko, akakoma mara tu unga uliposhikana kama mchanga wa mto baada ya mvua. Hakuongeza tone. Aliukusanya katika kitambaa cheupe kilicholoweshwa, akauweka juu ya chujio, chujio juu ya sufuria ya maji, akafunika, akafunga pembeni kwa kitambaa kingine mvuke usipotee. Kisha alikaa. Hakufunua kuchungulia. Mimi ningefunua. Aliegemea ukuta, mikono imekunjwa, akisikiliza sauti ya maji chini ya kifuniko. Sauti hiyo ilipobadilika aliinuka, akaubeba ule mzigo wa moto kwa kitambaa chake, akauangusha kinuni mbele ya mama yake, akaufungua.

Mvuke ulipanda wote usoni pa mke wangu.

Alirudisha kichwa nyuma. Nilidhani ameungua. Binti yetu pia alidhani hivyo, akaanza kuomba radhi. Mke wangu aliinua mkono kumnyamazisha. Kisha akaunyoosha tena uso wake juu ya kinu, polepole, macho yamefungwa, akavuta pumzi.

"Unga huu mlisaga nyuma ya nani?"

Sufuria ya maji iliendelea kunguruma peke yake.

"Nawauliza. Mlisaga nyuma ya nani? Hapa ndani kuna muhogo. Na si muhogo mtamu. Ni muhogo uliovundikwa."

"Mathe," binti yetu alisema, na sauti yake haikuwa na nguvu, "umeona madoa?"

"Madoa gani? Nimefumba macho." Aliyafungua, akautazama unga ule, akaona madoa, akatutazama sisi wawili. "Yaani mlikuwa mnanificha." Alikuwa akijitahidi kutucheka. "Unampeleka mtoto kwenye kisiagi, wewe mtu mzima, anaingia nyuma ya muhogo."

"Nilimsindikiza tu," nilisema.

"Ndiyo. Umesindikiza."

Aliuinamia tena, akanusa, na safari hii akatulia muda mrefu zaidi. Alituambia baadaye kwamba haikuwa harufu kamili; ilikuwa kama mtu anayeita kutoka nyumba ya nyuma, na humtambui hadi aite tena. Wakati ule alikamata mchi.

"Unapoa huu," alisema. "Tunaponda au hatupondi?"

Aliponda yeye. Binti yetu alijaribu kumpokea mchi, akakataliwa kwa kiwiko. Donge lilianza kwa kukatika na kushikamana na ukuta wa kinu, kisha, kadiri lilivyopigwa, likaanza kung'aa, likawa laini, likawa linaufuata mchi likipanda nao na kuvutika kabla ya kurudi. Nina hakika kwamba muhogo ule ulisaidia, maana muhogo huvuta. Binti yetu, ambaye si mtu wa kujipa sifa asizostahili, alisema hivyo hivyo alipolinyanyua. Alipaka viganja mafuta ya simsim, akaligawa donge, akaanza kuviringisha juu ya ubao. Vidole vile vilivyozoea nywele havikuhitaji kipimo. Kila ukamba ulitoka sawa na mwenzake toka ncha hadi ncha, na mmoja uliponenepa katikati aliukunja, akaurudia. Akazikata zote kwa kisu kilicholoweshwa. Mbele yetu palilala vipande vya rangi ya maziwa, kila kimoja na vidoa vyake vya kahawia. Havikufanana na vile vya kwenye tamthilia. Nikiri kwamba kwangu vilikuwa vizuri zaidi.

Vilipikwa katika supu ya omena na lile rojo jekundu, pamoja na kabichi iliyokatwa mapana na mayai ya kuchemsha, hadi mchuzi ukawa mzito na kuanza kutoa mapovu makubwa ya uvivu. Juu yake alinyunyiza majani ya kitunguu na simsim. Tulikula hapo hapo jikoni, kwa uma, sufuria ikiwa juu ya kigoda katikati yetu.

Mke wangu alichukua kipande kimoja, akakitafuna. Kilimjibu, niliona taya zake zikifanya kazi ambayo hazikuwa zimeifanya kwa miezi. Pilipili ilimfikia, machozi yakamtoka, akayafuta kwa kanga na hakuweka uma chini. Binti yetu hakula. Alikuwa akimtazama mama yake anavyokula, kwa uso ule ule anaoutumia anapomzungusha mteja mbele ya kioo.

"Omena unawasikia?" aliuliza hatimaye.

"Hapana."

"Simsim?"

"Hapana. Wala kitunguu." Alimeza, akachoma kipande kingine. "Muhogo tu. Uko mbali, nyuma ya pilipili. Lakini upo."

"Ni mwanzo, Mathe."

"Sijasema si mwanzo. Kula, kitapoa."

Walikula mpaka uma ukagonga chini ya sufuria. Mimi nilishindwa mapema na ule ukali, nikabaki kuwatazama wakigombea yai la mwisho, ambalo mama alilipata kwa kumkumbusha binti yake nani alimzaa nani.

Tulipokuwa tunaosha vyombo mke wangu alimuuliza binti yetu kama bado kuna mchele wa Ahero. Upo, alijibiwa, lakini safari ijayo watangoja mtu wa mahindi meupe apite kwanza.

"Asipite mtu," mke wangu alisema. "Huyo mwenye muhogo mnamjua kwa sura? Basi mngojeni yeye." Alijifuta mikono, akajitanda leso yake, akaelekea mlangoni. Nilimuuliza anakwenda wapi.

"Hapa kwa jirani," alisema. "Nataka kuichukua ile iliki niinuse. Huenda si leo. Lakini nataka iwe humu nyumbani siku harufu yake itakaponifikia."